Kabla Mradi Haujafungwa

Kama unafanya kazi ya mkataba Kibondo au Kasulu, toa mkataba wako kwenye bahasha leo hii usome mambo matatu: tarehe ya mwisho, mahali palipoandikwa kuwa ndipo ulipoajiriwa, na kifungu kinachoeleza mkataba unavunjwa vipi. Wengi wetu siku ya kusaini tulisoma mstari wa mshahara, tukatia sahihi, tukawahi gari la kambini. Karatasi ile hatukuigusa tena mpaka siku tulipoitwa kwenye kikao cha ghafla, saa nane mchana, tukaambiwa mfadhili amejitoa.

Nazungumza na dereva, mlinzi, muuguzi wa zahanati ya kambini, mwalimu wa mradi, fundi bomba, karani wa ghala, mpishi. Nazungumza pia na vijana wa barabara, waliobeba bendera na kusimamia mitambo kati ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, maana nao kipande kikikamilika hurudi nyumbani. Mfuko unaowahusu ni mmoja, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na sheria inayowalinda ni moja.

Nyanda hizi za juu za Kigoma zimezoea ajira inayokuja na kuondoka. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012 na watu wengi waliokuwa wakila kwa jasho la kambi ile wakatawanyika. Mwaka 2015, baada ya machafuko ya Burundi, Nduta ikafunguliwa upya wilayani Kibondo, na mwanzoni mwa 2016 ikafuata Mtendeli, Kakonko. Kibondo mjini ilijaa. Chumba kimoja kikapanda bei, mama lishe wakaongeza masufuria, waliohitimu chuo wakaacha kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi kwa kuwa kazi ilikuwa imewafuata nyumbani. Mwaka 2017 Warundi wakaanza kurudishwa kwao kwa hiari, na mwisho wa 2021 Mtendeli ikafungwa.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya wiki moja miradi iliyotegemea fedha za USAID ikapata amri ya kusimama. Mwezi Machi serikali ile ikatangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa kabisa. Juni, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nayo ikatangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Uamuzi uliofanyika Washington na Geneva ukamkuta mtu Makere akiwa na mtoto kidato cha tatu na mkopo wa bati za nyumba.

Hata mwaka usio na msukosuko, mikataba mingi ya mashirika yanayofanya kazi chini ya UNHCR hufuata kalenda, na ikifika Desemba 31 mwenye kazi hajui kama Januari ataitwa. Ndipo huja ule muda ambao hauna jina rasmi. Mtu akikuuliza unafanya nini, unajibu, "Nasubiri mradi." Makala hii ni kwa ajili ya muda huo, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla haujafika.

Nianze na karatasi moja iliyoniumiza mimi mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye mradi wa maji na usafi. Mkataba wangu ulikuwa na miezi minne mbele yake. Tukaitwa, tukaelezwa kuwa fedha zimeisha, na kila mmoja akapewa barua iliyokwisha kuchapwa, kilichobaki ni jina na sahihi. Barua ilisema: mimi, fulani, naomba kuacha kazi kuanzia tarehe fulani, nashukuru kwa ushirikiano. Tuliambiwa ni utaratibu tu, kurahisisha hesabu za mradi, na atakayesaini mapema atalipwa mapema. Nilisaini. Nilikuwa nawaheshimu wale watu, na nilikuwa na haraka ya ile hela.

Miezi miwili baadaye nilipanda gari asubuhi Kibondo, zaidi ya kilomita 200 hadi ofisi ya NSSF Kigoma mjini kudai fao la upotevu wa ajira, na bahasha ya kaki mapajani. Dirishani alikuwepo binti mpole. Akapokea fomu, akapokea kitambulisho, akasoma barua. Akaisoma mara ya pili akifuata mistari kwa kalamu, kisha akaigeuza inielekee na kuweka kidole kwenye lile neno.

"Dada, hapa umeacha kazi mwenyewe."

Nikaanza kueleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa huruma kwamba yeye analipa kulingana na kilichoandikwa. Nilikuwa nimechangia miezi 31. Sikupata hata shilingi ya fao lile.

Kwa hiyo ukisahau yote niliyoandika humu, hili lishike: usisaini barua ya kuacha kazi kama hukuacha kazi. Fao la upotevu wa ajira, ambalo mitaani tunaliita fao la kukosa ajira, halilipwi kwa aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mkataba ukiisha muda wake, barua iseme umeisha muda wake. Ukikatishwa kwa sababu fedha zimekosekana, barua iseme hivyo, na itoke kwa mwajiri kuja kwako, ikiwa na nembo, sahihi na mhuri. Mwajiri akikuletea barua ya kujiuzulu, mwombe kwa adabu siku moja ya kuisoma nyumbani. Anayekukatalia siku moja amekuonyesha uzito wa karatasi ile.

Sasa tuseme fao lenyewe. Zamani tulizoea fao la kujitoa: kazi ikiisha, unachukua michango yako yote, unafungua duka. Serikali ilijaribu kuliondoa mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini wakapaza sauti, likarudi. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi, wakiwemo watu wa mashirika na wakandarasi. Ilipoanza kutumika Agosti mwaka huo, fao la kujitoa likatoka na nafasi yake ikachukuliwa na fao la upotevu wa ajira. Ndiyo maana ukienda leo ukasema "nimekuja kuchukua hela zangu zote" mazungumzo yanakuwa magumu. Kinachotolewa sasa kina masharti yake.

Masharti ni haya. Uwe raia wa Tanzania, uwe chini ya miaka 55, ajira yako iwe imekoma kwa sababu isiyokuwa kujiuzulu, uwe hujapata kazi nyingine, na uwe umechangia walau miezi 18. Ukitimiza hayo, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi, kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupata malipo ya mara moja, nusu ya michango yake.

Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 900,000. Mwenye miezi 18 na zaidi atalipwa takribani shilingi 299,700 kwa mwezi, na kwa miezi sita jumla yake ni karibu shilingi 1,800,000. Mwenye miezi 12 tu, michango yake ya asilimia 20 ni shilingi 180,000 kila mwezi, hivyo akaunti yake ina shilingi 2,160,000, naye atapata nusu, yaani shilingi 1,080,000. Hesabu hii ifanye kwa mshahara wako mwenyewe, uiandike ukutani ukipenda, maana itakusaidia kujua ni matumizi gani ya nyumba yatabebeka na yapi yakatwe siku ya kwanza. Shilingi laki tatu kwa mwezi haziwezi kulipa kodi, ada na mkopo kwa pamoja. Zinaweza kulisha familia.

Wako wanaosema fao hili ni dogo, na mimi nakubaliana nao. Theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka haimtoshi mtu ambaye kazi yake kwa asili huja na kukatika. Lakini tukitazama jirani, nchini Kenya sheria inamlipa anayepunguzwa kazini siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliofanya kazi, na mfuko wao wa NSSF haulipi fao la mwezi kwa mwezi kwa aliyekosa ajira. Sisi mlango tunao, japo mwembamba, na ni aibu watu kushindwa kuupita kwa kukosa barua tu.

Kitu cha pili kinachowaangusha watu ni michango isiyofika. Kila mwezi asilimia 20 ya mshahara inatakiwa iende NSSF, na sehemu inayokatwa kwako haiwezi kuzidi asilimia 10. Kukatwa kwenye hati ya mshahara ni jambo moja, kufika kwenye akaunti yako ni jambo lingine. Nimeona hati za mshahara za watu wa kampuni ndogo za ulinzi na za ujenzi, makato yapo kila mwezi, na taarifa ya mfuko ina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye mkataba wa miezi 20 na pengo la miezi mitatu ana miezi 17. Hapo ametoka kundi la miezi sita na kuingia kundi la malipo ya mara moja, wala hajui.

Angalia taarifa yako kila mwisho wa robo mwaka. Kwenye simu ya kawaida ipo menyu ya Serikali ya *152*00#, na mwenye simu janja anaweza kutumia huduma za mtandaoni za mfuko. Ukiona pengo, andika ujumbe mfupi wa barua pepe kwa ofisa rasilimali watu, utaje miezi inayokosekana kwa majina, uhifadhi nakala. Asipotekeleza, ipeleke taarifa NSSF wakati bado upo kazini. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri michango na faini ya kuchelewa, na humdai kirahisi zaidi akiwa bado ana ofisi Kasulu na magari barabarani. Mradi ukishafungwa, ofisi ikageuzwa kuwa duka la vifaa vya ujenzi, utamtafutia wapi?

Na namba ya uanachama ni moja maisha yako yote. Nimekutana na kijana Kasulu mwenye namba tatu, kila mwajiri alimfungulia yake, na miezi yake imegawanyika kama urithi. Kama ndivyo ulivyo, nenda ukaombe ziunganishwe sasa, usisubiri siku ya kudai.

Majina pia. Hili ni la kwetu hasa. Majina yetu mara huandikwa kwa c, mara kwa ch, hivyo mtu anaweza kuwa Bucumi kwenye cheti cha kuzaliwa, Buchumi kwenye kitambulisho cha NIDA, na kwenye benki karani akaweka jina la babu mahali pa jina la baba. Mifumo ya siku hizi haimjui babu yako. Hakikisha jina la NIDA, la NSSF, la benki na la kwenye mkataba yanafanana herufi kwa herufi, na kama hayafanani, anza na kiapo cha majina mapema.

Sasa zipo fedha ambazo si za mfuko. Ni za mwajiri, na watu huzichanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ajira inapokoma unalipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, malipo ya notisi kama hukupewa, na unapewa cheti cha utumishi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku nne, isipokuwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ambapo ni siku saba kwa wote.

Kiinua mgongo ndicho chenye mkanganyiko. Ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, na hulipwa kwa aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo kisha mwajiri akamwondoa. Kwa mshahara wa 900,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama shilingi 242,000 kwa mwaka. Lakini mkataba ukifika tarehe yake ukaisha wenyewe, sheria haimlazimishi mwajiri kulipa kiinua mgongo hiki, isipokuwa mkataba wenyewe umeahidi malipo ya mwisho. Ndiyo maana nilikwambia usome tarehe. Waliokatishwa Februari 2025 wakiwa na mikataba ya hadi Septemba walikuwa katika hali tofauti kabisa na wale ambao mikataba yao iliisha Desemba, hata kama wote walirudi nyumbani na begi lile lile. Aliyekatishwa anaweza pia kupeleka madai ya miezi iliyobaki.

Nauli nayo usiiache. Mwajiri akisitisha ajira yako mahali pasipokuwa ulipoajiriwa, anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako pale alipokuajiri, au akulipe gharama hiyo, na akupe posho ya kujikimu ya siku unazosubiri usafiri. Muuguzi aliyeajiriwa Mwanza akapangiwa Nduta anayo haki hii. Lakini kama mkataba wake umeandikwa kwamba aliajiriwa Kibondo, kwa sababu tu alisainia Kibondo, hana cha kudai. Mstari mmoja wa mkataba unaweza kuwa na thamani ya lori zima la vyombo vyako.

Mkilazimika kugombana, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala, mnaitwa kwanza kusuluhishwa. Kwenda huko si uadui. Viongozi wengi wa miradi ni watu wema waliobanwa na bajeti, na baadhi yao hulipa mara tu wanapopata karatasi ya CMA kwa kuwa sasa wana cha kuonyesha makao makuu.

Nimeahidi kusema kuhusu ule muda wa kusubiri wenyewe. Desemba na Januari huku kwetu mvua zipo, mahindi yanahitaji palizi, na Februari watu wanaandaa maharage ya msimu wa pili. Mwenye shamba hata la ekari moja Heru Juu au Kifura, asilikodishe lote kwa sababu ana kazi. Nimeona familia zilizovuka mwaka mzima wa kukosa mradi kwa maharage, muhogo na ndizi za nyumbani, na fao la NSSF likaenda kwenye ada. Nimeona pia wenye mishahara mikubwa zaidi waliokuwa wakinunua hata mchicha, wakaingia kwenye mikopo ya kausha damu ndani ya wiki sita. Yule mkopeshaji anayekuja jioni na daftari anajua vizuri kwamba mradi umefungwa. Hakuna fao litakalolipa riba yake. Kama una deni benki lililokuwa likikatwa kwenye mshahara, nenda ukaonane na ofisa mikopo kabla mwezi wa kwanza haujapita, ukiwa na barua ya kukoma kwa ajira, uombe muda upangwe upya. Na kama uko kwenye kikundi cha hisa, usivunje hisa zako wiki ya kwanza kwa hofu. Kaa na wenzako, waeleze. Kikundi kinachokufahamu kitakuvumilia kuliko benki.

Kadi ya bima ya afya uliyopewa na mwajiri nayo ina mwisho wake. Mwenye mtoto anayehitaji miwani, meno au vipimo, ampeleke wakati bado inasoma.

Ukipata kazi katikati ya ile miezi sita, toa taarifa, malipo yasimame, uendelee kuchangia kwa namba ile ile. Ukiamua kujiajiri, bodaboda, saluni, biashara ya maharage kwenda Mwanza, mfuko unao mpango wa waliojiajiri uitwao Hifadhi Skimu. Ili upate pensheni ya uzee unahitaji miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, na kwa watu wa mikataba kama sisi miezi hiyo huokotwa mmoja mmoja. Mwezi usiochangiwa ni mwezi uliorudi nyuma.

Bahasha yako basi iwe na mkataba na nyongeza zake zote, hati za mshahara, barua ya kukoma kwa ajira, cheti cha utumishi, nakala ya NIDA, kadi ya NSSF na taarifa ya akaunti ya benki. Toa nakala mbili. Piga picha kila ukurasa ujitumie kwenye barua pepe, kwa sababu nyumba zetu huvuja. Fomu ya madai ina sehemu ya mwajiri, na hiyo ndiyo inayoponyoka: ofisa akishahamia Dodoma au akarudi kwao, hakuna wa kugonga mhuri. Mpelekee wiki ile ile ya mwisho, usimwachie mezani, simama umsubiri amalize.

Nawaomba pia mnaoongoza miradi, ndugu zangu mnaosoma haya mkiwa na orodha ya majina mbele yenu: waandikieni watu barua ya kweli. Haiwagharimu chochote, na familia sita au sitini zitakula kwa ajili yake.

Na wewe uliyekatishwa mkataba, ukaona hukutendewa haki, jua kuwa mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa CMA ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Kama ajira yako ilikoma wiki iliyopita, zimebaki siku 23.